"Yule hana utu": uzi kuhusu imani, akili na hadhi ya binadamu

1/ 

Mnaonifuata mnajua utaratibu wangu. Nachukua neno moja linalorushwarushwa kwenye mijadala ya siasa, nalifungua, tunaliangalia pamoja, bila kutaja mwanasiasa wala chama. Leo neno ni UTU. Uzi ni mrefu kidogo, mimina kahawa ukae.

2/ Ilianza hivi. Juzi baada ya isha nilikuwa barazani hapa Kibokoni. Simu imeegemezwa kwenye dele la kahawa, tunatazama mjadala. Mada: vijana wa magenge wanaokata watu mapanga. Wapelekwe kortini, au wamalizwe huko huko barabarani?

Mmoja wa wageni kwenye mjadala akasema, "Hao si watu." Ami aliyekaa kando yangu akaitikia: "Kweli kabisa. Yule hana utu. Na asiye na utu si mtu."

Sote tukatikisa vichwa. Na mie nikatikisa.

3/ Nilipofika nyumbani ndipo likaanza kunikereketa. Manake mmoja wa hao vijana nilisoma naye chuoni, tulikaa jamvi moja tukishika msahafu. Alichukuliwa usiku, na mpaka leo mamake anazunguka mtaani na picha yake.

Nikajiuliza: nilipotikisa kichwa, nilikubali nini hasa?

4/ Shida ni kwamba neno "utu" linabeba mizigo miwili, na kwenye mijadala watu huihamisha bila sisi kuona.

Mzigo wa kwanza ni MWENENDO: huruma, adabu, kujali mwenzio. Huu waweza kuwa nao au kuukosa.

Mzigo wa pili ni HADHI: ile thamani aliyo nayo mtu kwa sababu tu ni mtu. Hii ndiyo tunayobishania leo, kama yaweza kupotea au la.

5/ Ujanja wa mjadala ni huu. Mtu anaanza na mzigo wa kwanza ("amefanya unyama, hana utu"), sote tunakubali. Halafu kimya kimya anamalizia na wa pili ("kwa hivyo si mtu, mfanyeni mtakavyo"). Ile "kwa hivyo" ndiyo inayoua watu. Hebu tuikague.

6/ Kwetu hapa hili si swali geni. Mshairi wa Mombasa Ahmad Nassir aliandika Utenzi wa Mtu ni Utu, uliochapishwa 1979, utenzi mzima juu ya maana ya kuwa mtu mwema. Na 2007 msomi Kai Kresse alichapisha kitabu kwa Kiingereza kuhusu falsafa Mombasa, akaujadili utenzi huo kwa kina, na Kibokoni yetu imetajwa humo kwa jina. Ukidhani falsafa ni ya Wagiriki peke yao, pita barazani jioni.

7/ Mafunzo ya wazee wetu kuhusu utu yamelalia upande wa mwenendo. Utu unaonekana kwa matendo. Ni mafunzo mazuri: yanakuambia usijigambe kwa ukoo wala mali, tuonyeshe unavyoishi na watu.

Lakini yalikusudiwa uyaelekeze kwako mwenyewe. Ni kioo cha kujitazama. Ukikigeuza ukamwelekezea mwenzio ili umtoe kwenye orodha ya watu, umekigeuza silaha.

8/ Angalia pia neno UUNGWANA. Leo "muungwana" ni mtu mwenye adabu. Zamani katika miji hii ya pwani lilikuwa cheo: muungwana ni aliyezaliwa huru, kinyume chake mtumwa. Yaani lugha yenyewe imebeba kumbukumbu ya wakati ambapo hadhi ya mtu ilitegemea nani kamzaa. Baadaye ndipo tukasema uungwana ni vitendo. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Ila bado imeacha swali: na asiye na vitendo je?

9/ Sasa twende kwenye mzizi. Hadhi ya binadamu inatoka wapi? Kwenye mijadala utasikia majibu matatu: imani, akili, na jamii. Nitapitia moja moja, pamoja na tundu la kila moja. Ukiyajua matundu, hutadanganywa kirahisi.

10/ JIBU LA IMANI. Hadhi anaitoa Muumba. Katika Qurani, sura ya Al-Israa aya ya 70, waliotajwa kukirimiwa ni wana wa Adamu. Hawakutajwa Waislamu peke yao, wala wacha Mungu peke yao. Katika Biblia, Mwanzo sura ya 1, binadamu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, na hapo pia hakuna kabila lililotajwa.

Nguvu ya jibu hili: alichokupa Mungu, serikali haiwezi kukunyang'anya. Haikukupa yenyewe.

11/ Kuna na hadithi maarufu: Mtume (SAW) alisimama jeneza lilipopita. Akaambiwa huyo maiti ni Myahudi. Akawajibu kwa kuwauliza kama hiyo nayo si nafsi. Hakuuliza mwenendo wake ulikuwaje.

12/ TUNDU LA IMANI. Maandiko hayo yalisomwa katika mji huu karne na karne, na huku watumwa wakiuzwa. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa 1873. Mwaka 1875 wamisionari wa Kianglikana walianzisha Frere Town, ng'ambo ya kisiwa, kwa watu waliookolewa kutoka utumwani. Ukipita Kengeleni, kengele yao ipo. Na katika pwani hii ya Kenya hali ya utumwa haikufutwa kisheria mpaka 1907.

13/ Waumini walikuwa pande zote mbili. Kuna Muislamu aliyemwacha huru mtumwa wake akitafuta radhi za Mungu, na kuna Muislamu aliyeshikilia kwamba sheria inamruhusu kummiliki. Wamisionari walikuja na Biblia kukomboa watu, na Biblia ile ile ilitumika ng'ambo ya Atlantiki kuhalalisha mashamba ya watumwa. Andiko halikubadilika. Kilichotofautiana ni namna watu walivyolisoma na nani waliyemhesabu humo. Na kusoma ni kazi ya akili.

14/ JIBU LA AKILI. Immanuel Kant, Mjerumani, aliandika 1785 kwamba vitu vina bei na watu wana hadhi. Chenye bei chaweza kubadilishwa na kingine cha thamani sawa. Mtu hana mbadala. Kwa nini? Kwa sababu anaweza kufikiri, kujiwekea kanuni na kuwajibika. Kwa hivyo usimtumie mtu kama chombo tu cha kufikia haja yako.

Nguvu ya jibu hili: halihitaji mje msikiti mmoja au kanisa moja ndipo mkubaliane.

15/ TUNDU LA AKILI. Nyumbani tuna nyanya. Miaka mitatu sasa akili yake inampotea. Asubuhi ananiita kwa jina la babangu, jioni ananiuliza mie mwana wa nani. Hawezi kujiwekea kanuni yoyote. Hata mswaki anasahau ni wa nini.

Kama hadhi inatoka kwenye kufikiri, basi ya nyanya inapungua kila siku? Mtoto mchanga je? Mgonjwa asiyejitambua je? Hapa jibu la Kant, likichukuliwa kavu kavu, linanitisha.

16/ Na hapa fikihi tuliyosomeshwa chuoni ina jambo la kufundisha. Mtu aliyepotewa na akili hana taklifu: haulizwi sala wala saumu. Lakini damu yake ni haramu kumwagwa, mali yake inalindwa, na anawekewa msimamizi. Wajibu umeondoka, hadhi imebaki.

Ghazali, aliyefariki 1111, alitaja mambo matano ambayo sheria imekuja kuyalinda: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Akili ni mojawapo ya vinavyolindwa, na nafsi imepewa mahali pake yenyewe.

17/ Hii pia inavunja ule uvumi kwamba imani na akili ni maadui. Mji huu una ushahidi. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alitoa gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, hapa hapa Mombasa, akiwahimiza Waislamu wasome, wafikiri, na wasifuate mila kwa kufumba macho. Baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Mwanawe, Ali Mazrui, akawa mmoja wa wanasayansi ya siasa wakubwa wa Afrika. Nyumba moja, imani na akili kwenye sinia moja.

18/ JIBU LA JAMII. Mtu ni watu. Unakuwa mtu kwa sababu ya wenzio. Mwaka 1995 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilifuta hukumu ya kifo katika kesi ya Makwanyane, na majaji kadhaa walitumia wazo la ubuntu, ndugu wa utu wetu. Walisema, kwa maneno yangu, kwamba taifa linalotoka kwenye kisasi haliwezi kujengeka kwa kuendelea kuua, hata wauaji.

Nguvu yake: inaeleza kwa nini nyanya bado ni mtu. Sisi tunamkumbuka hata kama yeye hatukumbuki.

19/ TUNDU LA JAMII. Na asiye na jamii? Kama hadhi naipata kwa kutambuliwa na wenzangu, wenzangu wanaweza kuikata. Mgeni, mkimbizi, kijana aliyekataliwa na mtaa. "Mtu ni watu" yaweza kugeuka haraka kuwa "mtu ni watu WETU". Ndicho kilichotokea pale barazani.

20/ Kwa hivyo nani ana jibu sahihi? Waliotayarisha Tangazo la Haki za Binadamu la 1948 walibishana juu ya hili: waandike kwamba haki zinatoka kwa Mungu, au kwa maumbile, au wanyamaze? Wakaacha sababu nje. Mwanafalsafa Jacques Maritain, Mkatoliki, alishasema mwaka mmoja kabla kwamba watu wa itikadi zinazopingana wanaweza kukubaliana kuhusu haki zenyewe, mradi wasiulizane kwa nini.

Tafsiri ya Kiswahili ya Tangazo hilo inatumia neno HADHI kwenye kifungu cha kwanza kabisa, na sentensi inayofuata inataja akili na dhamiri.

21/ Mie naona majibu matatu ni kama mafiga. Moja likitolewa, chungu kinamwagika. Imani inakataza serikali kujifanya mwenye hadhi yako. Akili inakagua tafsiri za imani na kutupa lugha ya kuzungumza na asiye wa dini yetu. Jamii inambeba yule ambaye akili imemwacha.

22/ Mfano wa siasa. Kabla ya kura ya maoni ya 4 Agosti 2010, ugomvi mkubwa ulikuwa Mahakama za Kadhi. Wengi wanaukumbuka kama vita vya imani dhidi ya akili. Angalia vizuri. Waliopinga wengi walikuwa viongozi wa makanisa, na hoja yao ilikuwa ya kiraia: dola isipendelee dini moja. Waliotetea walikuwa Waislamu, na hoja yao kubwa ilikuwa ya historia na mkataba: makubaliano ya 1895 na ya 1963 kuhusu ukanda wa pwani. Waumini pande zote, wote wakitumia akili.

23/ Na matokeo yakawa ya kutumia akili pia. Kifungu cha 8: hakuna dini ya taifa. Kifungu cha 170: Kadhi anaamua mambo ya hadhi ya kibinafsi, ndoa, talaka na urithi, pale ambapo pande zote ni Waislamu na zimekubali mahakama hiyo. Hakuna anayeburutwa. Kwa hivyo mtu akikwambia "hili ni suala la imani, haliwezi kujadiliwa", mkumbushe 2010. Tulijadili, na tukafika.

24/ Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 28, inasema kila mtu ana hadhi ya asili. KILA MTU. Haikuongeza "mwenye mwenendo mzuri". Kifungu cha 25 kinataja mambo manne yasiyoweza kupunguzwa hata kidogo: kutoteswa, kutofanywa mtumwa, kuhukumiwa kwa haki, na haki ya aliyezuiliwa kuletwa mbele ya mahakama. Kifungu cha 49 kinasema aliyekamatwa afikishwe kortini mapema iwezekanavyo, na isizidi saa 24, au siku ya korti inayofuata zikiisha nje ya saa za kazi.

25/ Desemba 2017, kwenye kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu ilisema hukumu ya kifo ya LAZIMA kwa kosa la mauaji ni kinyume cha Katiba. Haikufuta hukumu ya kifo yenyewe. Ilisema jaji lazima awe na nafasi ya kumsikiliza mkosaji huyu, na hali yake yeye, kabla ya kutoa adhabu. Hapo aliyezungumziwa ni mtu aliyeshapatikana na hatia ya kuua. Bado anasikilizwa.

26/ Sasa pima hili. Kenya haijanyonga mtu kwa amri ya korti tangu 1987. Lakini mwaka 2015 Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilitoa ripoti iliyoorodhesha madai ya mauaji na watu kupotezwa bila kesi katika vita dhidi ya ugaidi, na pwani imo. Kwa hivyo aliyehukumiwa kwa mauaji analindwa, na aliyeshukiwa tu, halindwi? Akili gani inakubali hesabu hiyo?

27/ Najua mtakachosema, manake nimeambiwa usoni: "Unamtetea muhalifu, na aliyekatwa je?"

Swali hili ni la haki na sitalikwepa. Yule ami aliyesema "hana utu", mwanawe alikatwa panga akitoka kazini usiku. Amepoteza vidole viwili vya mkono wa kulia. Alikuwa seremala. Ami anapotamka neno lile, hasomi kitabu. Anakuwa ameshauona ule mkono. Hadhi ya huyo seremala nayo ilikanyagwa, na dola haikumlinda.

28/ Lakini fikiria kidogo. Kwa nini tunasema kijana yule HANA UTU? Paka wangu huua njiwa kila wiki, na sijasikia mtu akisema paka hana utu. Mbwa akikuuma, humlaumu kwa kukosa huruma. Unamlaumu mwenyewe mbwa.

Unaweza kumlaumu kwa kukosa utu yule tu aliyepaswa kuwa nao. Yaani mtu.

29/ Hapo ndipo ile "kwa hivyo" inapovunjika. Ukisema "hana utu" kwa mzigo wa mwenendo, ushakiri kwamba ni mtu. Lawama yako yenyewe ndiyo ushahidi. Na ukisema kweli si mtu, basi huna haki ya kumlaumu wala kumwadhibu: mnyama hashtakiwi. Huwezi kuvishika vyote viwili.

Kumpeleka kortini, kwa maana hii, hakumdekezi. Kortini ndiko anakoambiwa: wewe ni mtu, kwa hivyo simama ujibu.

30/ Basi siku nyingine ukitazama mjadala, beba maswali haya matatu:

- "Utu" unaotajwa ni mwenendo au hadhi? Umehamishwa katikati ya sentensi?
- Hoja imetolewa kwa namna ambayo asiye wa imani yake, au asiye na imani, anaweza kuijibu?
- Kanuni hii ikishapitishwa, nyanya yangu, mgeni na adui yangu watabaki salama?

Hoja ikishindwa moja, usitikise kichwa haraka kama nilivyofanya mie.

31/ Kabla ya kuweka uzi huu nilimsomea ami, manake nimemtaja na si adabu kumsema mtu kwa nyuma. Alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kitambo, akaniambia: "Mwanangu, mie simsamehe. Usiniandikie nimesamehe."

Nikamwambia, "Siandiki hivyo, ami."

Akaendelea: "Ila nataka aletwe. Nataka akae pale mbele, mwanangu amwonyeshe mkono, na yeye aseme kwa nini. Sasa wakishampoteza, nitamuuliza nani?"

32/ Sikuwa na la kuongeza, na sina sasa. Mama mmoja anatembea na picha, baba mmoja anangoja jibu, na wote wawili wanahitaji kitu kile kile: kijana yule asimamishwe mbele ya jaji kama mtu.

Mwenye kupinga apinge, maoni yako wazi. Ila kwa adabu. Ukinitukana, nitakuuliza ni mzigo gani wa utu umeuangusha njiani.

Uzi umeisha. Ukikufaa, mpelekee mwenzio. Usiku mwema kutoka Kibokoni.